Buti za Mama

Bustani ya mama ilikuwa nyuma ya nyumba yetu, Mikanjuni, Tanga, ukishapita jiko na karo la kuoshea vyombo. Matuta ya mchicha na bamia, bilinganya kando ya ukuta, mrehani na asumini karibu na dirisha la chumba chake, na pembeni kabisa mdimu uliokuwepo kabla sisi hatujahamia. Mchicha tulikula, uliobaki akawauzia majirani kwa mafungu. Asumini hakuuza hata siku moja. Hizo zilikuwa za wenye harusi.

Alilima kwa kandambili. Masika yakishika, udongo ukalegea, hata hizo alizivua akaziacha ukingoni mwa tuta. Alisema unyayo ndio unaomwambia udongo umeshiba maji au bado una kiu. Nimekua nikimwona hivyo na nilimwamini, maana mchicha wake ulikuwa mchicha kweli.

Mwaka ninaousema, kisukari kilikuwa kimeshakaa naye miaka mingi. Asubuhi moja ya Aprili aliingia jikoni na ungo wa bamia, akaelekea kwenye ndoo ya maji, nami nikaona madoa sakafuni. Nilidhani ni udongo mwekundu. Kisha nikaona yanamfuata kila anapokanyaga.

"Mama, umeumia."

Akageuka, akaitazama sakafu, akanitazama mimi. "Nani kaumia?"

Mwiba wa mdimu ulikuwa umetoboa kandambili ya kushoto ukazama chini ya kidole gumba. Mvua ya usiku ilikuwa imeangusha matawi makavu, na mwiba wa mdimu ukishakauka hauna huruma na soli nyembamba. Kilichonitisha si damu. Ni namna alivyosimama pale amekaza mguu sakafuni, mwiba ungali ndani, uso mkunjufu kabisa.

Tulikwenda hospitali ya Bombo. Nesi aliyetupokea alikuwa binti mpole mwenye mikono ya haraka. Aliutoa mwiba, akasafisha, akamchoma mama sindano ya pepopunda. Alitueleza kuwa vijidudu vya pepopunda vinaishi kwenye udongo, na tundu jembamba lenye kina, lisilofikiwa na hewa, ndiko vinakostawi. Kisha akauliza mama ana sukari tangu lini, na alipojibiwa akavuta droo akatoa uzi wa nailoni uliofungwa kwenye kijiti, mnene kama mshipi wa kuvulia samaki.

"Mama, fumba macho. Kila nikikugusa, niambie ndiyo."

Uzi ule umepimwa upinde ukikandamizwa kwa uzito wa gramu 10. Nesi aliugusisha juu ya wayo, mama akasema ndiyo. Akaugusisha karibu na kifundo, ndiyo. Akashuka chini ya kidole gumba: uzi ukapinda, mama kimya. Chini ya vidole vya kati, kimya. Kwenye nyama ya unyayo pale panapobeba mwili, kimya. Akahamia mguu wa kulia, ikawa vilevile. Mama alikuwa ameketi wima, macho ameyafumba, anasubiri kwa adabu.

"Umeanza, mwanangu?" akauliza.

Nilitazama dirishani. Huo ndio unyayo aliokuwa akisema unamwambia habari za udongo.

Nesi hakumficha. Sukari ikipanda kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, akasema, na miguuni ndiko inakoanzia, kwa sababu ndiko mishipa hiyo ilikorefuka zaidi. Mtu anaweza kutembea kutwa na kijiwe ndani ya kiatu asijue, kidonda kikaanza, na kidonda cha namna hiyo ndicho kinachowafikisha watu kukatwa mguu. Nilikuwa nikiogopa neno litakalofuata. Mama naye aliliogopa, akaliuliza mwenyewe: "Kwa hiyo nisilime?"

"Lima, mama. Kazi inaisaidia hiyo sukari. Ila mguu usikanyage chini mtupu tena, hata ndani ya nyumba. Na bustanini uvae kiatu cha kufunika."

Ninamshukuru nesi yule hadi leo. Kumkataza kungekuwa rahisi zaidi.

Kidonda kilipopona tukaenda kununua. Mjomba, kaka yake mama, alikuja kutusindikiza. Tulitoka nyumbani alasiri kwa makusudi: miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na kiatu kilichokutosha asubuhi kinaweza kukubana saa kumi. Kabla ya kutoka nilimsimamisha mama juu ya kipande cha boksi, nikachora miguu yote miwili kwa kalamu, nikaikata ile michoro. Asimame, si aketi, maana mguu hutanuka ukibeba mwili. Wa kushoto ulitoka mpana zaidi. Kwa mguu wenye afya hayo yote ni uangalifu mzuri. Kwa mguu usiosikia ni lazima, kwa kuwa ukimuuliza mwenyewe "kinabana?" atakujibu hapana, na atakuwa anasema kweli.

Duka la kwanza Ngamiani lilikuwa la vifaa vya ujenzi, na muuzaji akatutolea gambuti. Kwa mtu wa bonde la mpunga, anayesimama kwenye maji kutwa, siwezi kumshauri kingine. Lakini joto letu la Tanga unalijua, na mpira haupitishi hewa. Mama alizivaa dakika chache tu, nilipozivua mguu ulikuwa umelowa jasho. Ngozi iliyolowa hulainika, ikilainika huchubuka, na fangasi nao hupata makazi kati ya vidole. Mdomo wa buti nao ulikuwa ukimsugua kwenye muundi. Tukashukuru tukatoka.

Yeboyebo, vile viatu vya plastiki, ni nyepesi na unazisuuza kwa kopo moja la maji. Kwa mtu wa kumwagilia jioni zinatosha kabisa. Ila zina matundu, na penye tundu mwiba unapita.

Mjomba alikuwa na kauli yake. Ujana wake wote alikata mkonge upande wa Ngomeni. Mkonge uliletwa huku mwaka 1893, na tangu hapo miguu ya watu wa Tanga imeijua ncha ya jani lile. Kwake yeye kiatu cha shamba ni katambuga: tairi la gari, mikanda ya tairi hilohilo, misumari midogo, basi. Alikuwa amezivaa siku hiyo. "Soli hii, dada, hakuna mwiba utakaoipita," akasema, na ni kweli. Akavua moja ampe mama ajaribu. Kabla ya kumkabidhi akapitisha kiganja ndani, nikaona mkono umesimama. Kichwa cha msumari kilikuwa kimeinuka kidogo pale penye mkanda. Yeye hukisikia na kukigonga kwa jiwe, mambo yakaisha. Akaivaa tena mguuni mwake.

"Hizi ni za mtu anayesikia maumivu," akasema taratibu.

Tukaingia kwenye mitumba. Kijana mmoja alikuwa amepanga viatu vyake juu ya turubai, akamwamkia mama, akamtafutia kiti. Nilimweleza shida yetu yote, bila kuficha, na sijutii, maana alianza kuchagua kama anamchagulia mama yake mzazi. Akaleta buti fupi za ngozi, za kamba, zinazoishia juu kidogo ya kifundo. Nilitia kile kipande cha boksi ndani ya cha kushoto: kikalala bapa bila kujikunja pembeni. Hapo nikajua upana upo. Kwa urefu, mbele ya kidole kirefu palibaki nafasi ya upana wa kidole gumba changu. Nilichomoa soli ya ndani kutafuta msumari, nikapitisha vidole kwenye mshono wote wa mbele kutafuta ukingo mgumu. Mjomba alikikunja kiatu kwa mikono miwili aone kinapindia wapi. Kiatu kizuri hupinda pale vidole vinapopindia. Kikipinda katikati ya wayo, mguu utachoka na kitakufa mapema. Mwisho akatoa ufunguo wa nyumba mfukoni, akaikandamiza soli kwa ncha yake kwa nguvu zake zote. Ikabonyea, ikarudi.

Kijana alitaka 35,000. Mama aliyeketi kimya muda wote hapo ndipo alipoamka. Tuliondoka nazo kwa 25,000, pamoja na soksi mbili za pamba zisizo na mpira wa kukaza.

Siku za mwanzo alizivaa saa moja tu, kisha nikamvua na kutazama unyayo kwenye mwanga, kama kuna wekundu. Hapakuwa na wekundu. Tukaongeza muda kidogo kidogo. Asubuhi, kabla hajazivaa, mwanangu alizigeuza na kuzikung'uta, halafu mimi nikapitisha mkono ndani. Nge hupenda kulala kwenye kiatu, na kijiwe hakihitaji mwaliko. Mtoto naye nikamnunulia yeboyebo za saizi yake. Bustani hiyohiyo yenye unyevu ndiyo minyoo michanga ya safura inapopenyea ngozi ya mguu mtupu.

Tatizo lililobaki halikuwa la kiatu. Mama alisimama kwenye tuta la mchicha, buti zimefungwa vizuri, hajui la kufanya. "Sasa nitajuaje kama umeshiba?" Alikuwa na huzuni ya kweli, na sikuwa na jibu.

Mjomba ndiye aliyeinama. Akachota udongo, akaukamata kwenye ngumi, akafungua kiganja. Lilikuwa donge. Akaligusa kwa kidole likavunjika. "Huu uko sawa. Ukichuruzika maji, acha. Ukikataa kushikana, mwagia." Akamwekea mama donge la pili kiganjani. Mama aliliminya, akalinusa, akalivunja, akahamia tuta la bamia akachota tena, kisha kwenye mrehani. Alizunguka bustani nzima hivyo, na mikono yake ilisikia kila kitu.

Mvua za Mei zilipozidi, buti zikawa hazikauki kwa siku moja. Nilizijaza magazeti na kuziweka kivulini penye upepo, maana jua kali hupasua ngozi. Mama hakuwa na subira hiyo. Miche ya bilinganya ilikuwa imefika kimo cha kuhamishwa. Akanipa vile vipande vya boksi na pesa zake za mchicha, akaniambia nirudi kwa yule kijana nikatafute jozi ya pili, na nisikubali kuzidishiwa bei kwa sababu tu yeye hayupo.