Kufuga maji kwanza

Ukitaka kuyajua maji ya mfereji ya hapa mjini Unguja, chungulia ndani ya birika ya umeme ya nyumbani kwenu. Ule ukoko mweupe ulioganda chini ni chokaa. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima na chemchem hupita humo humo kabla hayajatufikia. Kwa chai haidhuru. Kwa anayetaka kuweka tangi la samaki wa mapambo, hilo ndilo la kulijua kabla hajanunua samaki hata mmoja.

Mpwa wangu alipotaka tangi tulipata la lita 80, tukaliweka ukumbini mbali na dirisha, jua lisije likayageuza maji kuwa kijani. Tukatia changarawe, chujio la sponji na pampu ya hewa. Kisha tukakaa. Mama akapita, akatazama weee, akauliza: "Sasa hapa mnafuga nini? Maji?"

Ndiyo, mama. Tunafuga maji.

Samaki anakula, anapumua na kwenda haja ndani ya maji hayo hayo. Taka zake na mabaki ya chakula hutoa amonia, na amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahamili isipozidi sana. Bakteria hawa huuziwi pamoja na kioo. Huota kwenye sponji na changarawe taratibu, aghalabu wiki nne mpaka sita. Ndiyo maana mpwa wangu kila siku hudondosha chembe za chakula kwenye tangi lisilo na samaki: zinaoza, zinatoa amonia, bakteria wanapata riziki. Ukimpata mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, muombe kipande cha sponji yake, kazi itakwenda mbio zaidi.

Kwa nini nashupaa hivi? Kwa sababu ya ile chokaa. Tangi letu linasoma pH karibu na 8 (pH ni kipimo cha uchachu wa maji: 7 ni katikati, na chokaa huipandisha). Amonia ndani ya maji ina hali mbili, kali na ya upole, na pH ndiyo inayoamua ipi izidi. Maji ya nyuzi 28 yenye pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia iliyo katika hali kali. Yakiwa pH 8, hufika kama asilimia 6 au 7. Yaani amonia ile ile, kipimo kile kile, ukali karibu mara kumi. Kwa hiyo mtu wa nchi ya maji laini, yasiyo na chokaa nyingi, akikwambia katia samaki siku ya pili na hawakufa, hasemi uongo, lakini hayasemei maji yako.

Wapo watakaokuuzia dawa ya kushusha pH. Mimi siinunui. Chokaa iliyomo huipandisha tena, na huko kupanda na kushuka kunamtesa samaki kuliko pH 8 iliyotulia. Tafuta samaki wa maji yako: gapi, moli, au sikilidi wa Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Maji ya Tanganyika pH yake hukaribia 9, hao watajiona wamefika kwao. Wale neoni wadogo wenye mstari wa buluu asili yao ni mito ya Amazon, kwenye maji laini. Wazuri, lakini waache.

Maji ya kubadilisha hayatutaabishi, maana nyumba gani hapa haina pipa la akiba? Klorini, ile dawa ya kuulia vijidudu inayotiwa kwenye maji ya mfereji, huruka maji yakilala wazi usiku kucha na mchana wake. Funika pipa kwa kipande cha chandarua, mbu wasitage. (Wakikuwahi, viluwiluwi ni karamu kwa gapi.) Kila wiki toa ndoo moja ya lita 20, tia nyengine. Sponji ikamulie ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa. Ukiipeleka mferejini, klorini inawaua wale wale uliowangojea.

Maji yakiwa meupe kama ya tui siku za mwanzo, usiyamwage yote. Ni bakteria wa aina nyengine, hutulia wenyewe.

Jengine ni mvuke. Wakati wa kaskazi maji hupungua upesi, lakini chokaa haiondoki na mvuke, inabaki na kuongezeka. Kufidia hayo yaliyopungua, natumia maji ya mvua niliyoyakinga wakati wa masika, baada ya mvua za mwanzo kuosha bati. Na umeme: aliyekuwepo Unguja gizani kuanzia Desemba 2009, miezi mitatu hivi, hahitaji kuelezwa kwa nini nina pampu ya betri. Maji ya joto hushika hewa kidogo, na bakteria nao wanapumua.

Juzi vipimo vya matone vilisoma sifuri kwa amonia na nitriti, nitrati imepanda. Tangi liko tayari. Sasa mpwa wangu anataka samaki aitwaye oska, kwa kuwa kamuona mdogo dukani. Nimemwambia oska hufika sentimita 30, na tangi letu lina upana wa 35, atageukia wapi? Tumekubaliana gapi watano. Wanazaa kila mwezi hivi, kwa hiyo majirani, tayarisheni mitungi.