Tela, mlima wa Bereko na gia ya 3
Jana nimetoka Babati narudi Dodoma, pikapu ya otomatiki na tela lenye gunia 12 za mahindi. Mlima wa Bereko ukanitoa jasho. Nikiiacha kwenye D, ile ya gari kujibadilishia gia lenyewe, inaingia gia ya 4, inakosa nguvu, inarudi 3, inaingia 4 tena. Mshale wa mzunguko wa injini unacheza, harufu ya oili ya giaboksi hiyoo! Shemeji pembeni: "Sasa si uweke 3 mwenyewe?" Nikaweka. Ikatulia, ikapanda taratibu. Kushuka nikaweka 2, injini ikazuia mwendo, breki nagusa kwenye kona tu. Kufika Kolo nikasimama, nikasogeza mkono kwenye rimu: vuguvugu tu, breki hazijachemka. Miaka 6 naendesha otomatiki, zile namba chini ya D nilidhani mapambo.