Kabati la Mtu Anayepunguza Uzito

Tangu nianze kupunguza uzito, watu huniuliza kuhusu nguo zaidi ya wanavyoniuliza kuhusu chakula au mazoezi. Wanataka kujua ninatoa wapi pesa za kubadilisha mavazi kila mwili unapobadilika. Sizitoi popote, kwa sababu sibadilishi nguo kwa kasi hiyo. Mshahara wa ofisini hapa Nairobi, ukishalipa kodi ya nyumba, nauli na karo, hauachi nafasi ya kumvisha mtu yule yule upya kila baada ya miezi mitatu. Linalowezekana ni kujua nguo ipi inaweza kupunguzwa pamoja na mwenyewe na ipi haiwezi, kisha kuzielekeza pesa chache zilizopo kwa fundi kabla ya kuzipeleka sokoni.

Wataalamu wa lishe kwa kawaida hupendekeza mtu apungue kati ya nusu kilo na kilo moja kwa wiki. Hata kwa mwendo huo wa polepole, suruali iliyokukaa vizuri mwezi wa Machi huenda ikawa inateremka kiunoni ifikapo Juni, na ile utakayoinunua Juni nayo isifike Septemba. Nguo ya kipindi cha katikati ina maisha mafupi, na bei yake sharti ilingane na maisha hayo. Ndiyo maana siikubali desturi ya kununua gauni dogo na kulitundika mahali pa kuonekana ili likuhimize. Mwili haupungui kwa mpangilio tunaoutaka sisi: mmoja huanza kupungua usoni na kifuani, mwingine tumboni, mwingine nyonga zake hukataa kabisa hadi mwisho. Gauni lililonunuliwa kwa matumaini linaweza kuja kutosha kiunoni na kuwa pana mabegani, na wakati huo pesa zake zingekuwa zimeshapunguza sketi tatu.

Fundi, basi, ndiye mtu wa kwanza wa kufanya naye urafiki, na katika mitaa mingi ya jiji hili hukosi mmoja aliyeweka cherehani yake chini ya baraza la duka. Si kila nguo inafaa kupelekwa kwake. Sketi iliyonyooka ndiyo rahisi kuliko zote, kwa maana inaingizwa kwenye mishono miwili ya ubavuni na kazi imekwisha, isipokuwa ikiwa na bitana, kwani hapo fundi anashona nguo mbili na ana haki ya kudai malipo zaidi. Suruali hupunguzwa kwenye mshono wa nyuma, lakini kuna kikomo: ukipunguza kupita kiasi mifuko ya nyuma husogeleana hadi inakaribia kugusana, na kila anayetembea nyuma yako ataliona jambo hilo. Koti la suti ni habari nyingine. Kiwiliwili chake kinaweza kuingizwa, na mikono inaweza kufupishwa, lakini mshono wa bega ukishashuka chini ya bega lako, kulirekebisha ni sawa na kulifumua koti lote na kulishona upya. Koti la namna hiyo liuzwe.

Ninamwomba fundi wangu jambo moja kila mara, naye hulipinga kila mara: asikate kitambaa kinachobaki ndani. Yeye hunijibu, "Mama, hii jinzi ni nzito, nikiacha yote ndani itavimba ubavuni." Kwa jinzi ana haki, nami humwachia akate. Kwa pamba nyepesi, vitambaa vya suti na vitenge, nasisitiza akiache na akishikize kwa mshono mpana unaofumuka kwa urahisi. Kilo zilizoondoka zina tabia ya kurudi, mara nyingine kwa sababu ya ugonjwa au ujauzito, mara nyingine kwa sababu tu ya Disemba, na nguo inayoweza kupanuliwa tena ni akiba. Vilevile simpelekei nguo kila mizani inaposhuka. Nangoja hadi niweze kukunja inchi mbili hivi kiunoni, kwa sababu gharama ya kupunguza inchi moja ni ile ile ya kupunguza mbili. Kabla ya hapo mshipi unatosha.

Nguo nyingine hazihitaji fundi wala mshipi. Gauni la kufunga kwa kamba ubavuni, sketi yenye lastiki au marinda, dera la nyumbani na blauzi pana inayochomekwa ndani hupokea mwili wowote. Ikiwa huna budi kununua kitu wakati uzito bado unashuka, nunua hivi, na uchague rangi zinazokubaliana na kile kilichokwisha kuwamo kabatini.

Kwa vingine tuna masoko ya mitumba ya Gikomba na Toi. Wauzaji wa mitumba huziita kamera zile nguo bora zinazochaguliwa mwanzo robota linapofunguliwa, na bei yake hufanana na heshima hiyo. Mtu anayepungua hana haja ya kamera kwa suruali atakayoivaa wiki chache. Aende kwenye rundo ambako kila kipande kina bei moja, achague kwa subira, na akague kwapa, zipu na sehemu ya mapaja inayosuguana. Kamera aisubiri hadi uzito utakapotulia kwa miezi kadhaa.

Namba zilizo kwenye lebo zisimsumbue. Gauni lenye namba 14 ya Uingereza huwa takriban 10 ya Marekani na 42 ya Ulaya bara, na yote matatu yanalala katika rundo moja. Isitoshe, kila kiwanda hupima kivyake. Mimi hubeba tepe ya kupimia mkobani na kuandika vipimo vyangu vya kifua, kiuno na nyonga kwenye simu, nikivibadilisha kila mwezi. Nguo ikilazwa bapa, upana wa kiuno chake ukizidishwa mara mbili ndio mzunguko wake. Wengi wetu tulilelewa na ile mbinu ya kuzungusha kiuno cha suruali shingoni, ncha zikikutana nyuma basi inakutosha. Mbinu hiyo hudhani kuwa shingo na kiuno vina uwiano usiobadilika, ilhali kwa mtu anayepungua kiuno kinaweza kuwa kimetangulia mbali huku shingo ikiwa bado pale pale. Afadhali kuvaa taiti na fulana ya kubana chini ya nguo zako, ujaribu papo hapo juu yake, kama wanavyofanya wateja wazoefu.

Nisingependa kubana matumizi kwenye sindiria. Mkanda wake ukilegea, hata blauzi iliyopunguzwa kwa ustadi itakaa vibaya, na mabega yatabeba uzito usio wao. Ukinunua mpya, chagua inayokukaa vizuri kwenye safu ya nje kabisa ya vishikizo, ili kadiri unavyopungua uwe unasogea safu za ndani. Kwa njia hiyo sindiria moja hudumu muda mrefu zaidi. Mbili zinatosha kwa kipindi hiki.

Nguo kubwa zilizokwisha kushindikana hazina faida zikikaa kabatini zikingoja. Ziuzwe mwisho wa mwezi, watu wanapokuwa na pesa, na kamwe si Januari, mwezi ambao Wakenya wenyewe wameupa jina la njaa. Ofisini kwetu tumezoea kubadilishana: anayejifungua, anayenenepa na anayepungua hukutana mchana na mifuko yao, na hakuna anayelipa chochote. Mimi hubakiza suruali moja na gauni moja la vipimo vya zamani, basi. Wapo wanaoshauri kugawa kila kitu ili usipate njia ya kurudi nyuma, lakini naona ushauri huo unamfaa mwenye uwezo wa kununua upya.

Kuna pia suala la watu. Katika familia nyingi hapa, mtu akionekana ndani ya nguo zinazoning'inia hapongezwi. Huulizwa kwa sauti ya chini kama anaumwa au kama nyumbani kuna matatizo. Shangazi yangu aliniuliza mbele ya wageni kama nimekwenda kupimwa. Nguo inayokaa sawasawa hupunguza maswali hayo, na hii ni sababu nyingine ya kuzipunguza kwa fundi zile mbili au tatu unazozivaa mbele ya watu, hata kama za nyumbani zitabaki pana.

Sweta na makoti ya baridi yawe ya mwisho kubadilishwa, maana upana haudhuru kitu. Tena Juni hadi Agosti mtu aliyepungua huihisi baridi ya Nairobi zaidi ya zamani na hushukuru kupata nafasi ya kuvaa fulana mbili ndani.

Sare za harusi ndizo zinazohitaji uangalifu kuliko zote. Kamati hukusanya michango, kitenge hununuliwa, na vipimo huchukuliwa miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe, wakati wewe utakuwa mtu mwingine. Mweleze fundi mapema kwamba uzito wako unashuka. Akate kitambaa kwa vipimo vya leo, ashone mabega, shingo na mikono, lakini mishono ya ubavuni aishikize tu kwa uzi mrefu hadi wiki mbili kabla ya harusi, ndipo akupime tena na kuimalizia. Wengi hukubali bila kuongeza bei, mradi usimwambie siku ambayo wanakamati wote wamejipanga mlangoni pake.