Kazi iliyo kati ya mlango na mlango

Nilipokabidhiwa jukumu la kuratibu watu wanaojitolea kuwasaidia waathirika wa uhalifu, nilidhani kikwazo kikubwa kingekuwa uhaba wa watu. Haikuwa hivyo. Wenye moyo wa kusaidia hawakukosekana hata mara moja, na kila lilipotokea tukio la kutikisa jamii walijitokeza wengi kuliko tulivyoweza kuwapangia zamu. Aliyekosekana alikuwa mtu wa kuhakikisha kwamba anayetoka polisi anafika hospitalini, na anayetoka hospitalini anafika kwa mshauri nasaha, bila kupotelea njiani na bila kulazimika kuyasimulia upya yaliyompata kila anapoingia ofisi nyingine.

Mwanamke mmoja aliyevamiwa ndani ya nyumba yake ndiye aliyenifungua macho. Kabla ya kufika kwetu alikuwa amekwisha kumweleza mtu wa mapokezi, askari wa zamu, mpelelezi, muuguzi na daktari. Mtu wetu, tena mmoja wa wale tuliowaamini zaidi, alikaa mbele yake na fomu tupu, akamwuliza kwa upole, "Tuanze mwanzo, ilikuwaje?" Yule mama alisimama, akachukua mkoba wake, akaondoka, wala hakurudi. Siwezi kumlaumu yeyote kwa hilo zaidi ya sisi wenyewe, na hasa mimi niliyeitunga fomu ile.

Baada ya hapo tuliacha fomu ndefu tukaandaa karatasi moja, inayojazwa kwa ridhaa ya mhusika na kutangulizwa kule anakokwenda. Ndani yake mna jina analopenda kuitwa, lugha anayoielewa vizuri, namba ya simu iliyo salama na saa za kumpigia, huduma alizokwisha kupata, na kile kinachosubiriwa. Habari za tukio lenyewe hazimo kabisa. Baadhi ya wenzangu walipinga, wakisema hawawezi kumsaidia mtu pasipo kujua kilichompata. Niliwajibu, na bado ndiyo imani yangu, kwamba mara nyingi huo si msaada bali ni udadisi uliovikwa huruma: anayempeleka mtu kliniki anahitaji kujua saa ya kufika na mlango wa kuingilia. Isitoshe, maandishi yetu yanaweza kutakiwa mahakamani, na aliyejitolea kwa nia njema akajikuta ameitwa kuwa shahidi, au akatuhumiwa kumfundisha mwathirika maneno ya kusema. Maelezo rasmi huchukuliwa na polisi, kwa maneno ya mwathirika mwenyewe. Kazi yetu pale ni kukaa karibu naye, kumletea maji, na kuomba mapumziko anapoonekana kuchoka.

Jambo la pili tulilobadilisha ni orodha ya huduma. Zamani tuliipanga kwa majina ya ofisi, kana kwamba mtu aliyepatwa na mshtuko anatafuta idara. Sasa tunaipanga kwa kufuata saa, kwa sababu zipo huduma zinazosubiri na zipo zisizosubiri. Aliyebakwa anapaswa kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU mapema iwezekanavyo na kabla ya kupita saa 72, kisha kuzitumia kwa siku 28. Uzuiaji wa mimba kwa njia ya dharura hauna maana tena baada ya siku 5, na kadiri unavyochelewa ndivyo nguvu yake inavyopungua. Nguo alizokuwa amevaa zihifadhiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa kuwa unyevu huharibu ushahidi. Aliyeibiwa simu na kadi za benki ana shida tofauti, lakini naye anakimbizana na saa: laini ifungwe, benki ijulishwe, kitasa kibadilishwe kabla ya usiku kuingia. Mambo ya fidia na wakili yatakuja, ila hayaji kwanza.

Shirika la Afya Duniani na washirika wake walitoa mwaka 2011 mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, unaomtaka mtoa msaada kufanya mambo matatu: kuangalia, kusikiliza na kuunganisha. Tunaufundisha kwa kila kundi jipya, na kila mara wanaojifunza hutaka kubaki kwenye kusikiliza, kwa sababu ndiko kunakogusa moyo. Kuunganisha ni kupiga simu ambazo hazipokelewi, kuuliza kama mkalimani yupo, kujua siku ambayo daktari anayehusika hayupo kazini. Hakuna anayeshukuriwa kwa hilo. Mwongozo huohuo unasisitiza kwamba mtu asishinikizwe kusimulia, na laiti tungeusoma kwa makini kabla ya fomu yangu.

Katika kuchagua watu, swali ninalolithamini kuliko yote ni hili: utafanya nini mwathirika akikwambia hataki tena kuendelea na kesi? Anayejibu kwamba atamshawishi hadi akubali simkatai, lakini simtumi kwa mtu bado. Wengine wanaokuja wao wenyewe wamewahi kutendewa uhalifu. Baadhi yao ni bora kuliko sisi sote, na baadhi wanahitaji kwanza kukaa upande wa pili wa meza. Kuwaambia hivyo ni sehemu ya kazi hii ambayo sijaizoea.

Swali linalorudi mara kwa mara kutoka kwa wanaojitolea ni kama tunapaswa kumhudumia mtu ambaye mkosaji wake hajulikani, au ambaye kesi yake imefutwa. Jibu lipo tangu tarehe 29 Novemba 1985, Umoja wa Mataifa ulipopitisha tamko la kanuni za haki kwa waathirika wa uhalifu: mtu huhesabiwa kuwa mwathirika hata kama mkosaji hajatambuliwa, hajakamatwa, hajashtakiwa wala kuhukumiwa, na neno hilo linaweza kuwahusu pia ndugu wa karibu na wanaomtegemea. Kati ya waathirika wenyewe wapo wanaopenda kuitwa manusura, na tunawaita hivyo. Neno mhanga mimi nimeliacha, kwa kuwa masikioni mwangu bado linabeba maana ya aliyejitoa, na hawa hawakujitoa.

Kuna kosa jingine lililokaribia kutugharimu. Mwenzetu alimpigia simu mwanamke aliyekuwa akipigwa na mumewe, na aliyepokea alikuwa mume. Kwa bahati mwenzetu alikata bila kujitambulisha. Tangu siku hiyo hakuna anayepiga nje ya saa zilizoandikwa kwenye karatasi, hakuna ujumbe mfupi unaotaja jina la kundi letu, na kila mwathirika wa aina hiyo huchagua mwenyewe neno la kawaida litakalomjulisha kwamba anayepiga ni sisi. Mume akipokea, tumekosea namba, basi.

Wanaojitolea nao hulemewa. Baada ya kila zamu mratibu humpigia aliyetoka zamu, siku ileile, hata kama hapakutokea lolote. Tulichelewa kuanza utaratibu huo, na kijana mmoja mzuri aliacha kuja bila kuaga.

Kinachonisumbua sasa ni mwisho wa kazi, kwa sababu mashirika yanayotufadhili hupenda kuona majalada yaliyofungwa. Tunaye mzee ambaye kesi yake imeahirishwa mara nyingi: mara shahidi hayupo, mara hakimu amehamishwa, mara jalada la polisi halijaletwa. Hahitaji tena daktari wala mshauri, na kwa hesabu zetu alipaswa kuondolewa kwenye orodha zamani. Anachotaka ni mtu wa kukaa naye kwenye benchi nje ya chumba cha mahakama, ili asipite peke yake mbele ya jamaa za mshtakiwa. Wiki iliyopita kesi iliahirishwa tena. Nimeiandika tarehe mpya kwenye daftari la zamu, na jina la atakayekwenda naye.