Barafu ilivyoniharibia sampuli za CD4

Usiweke damu ya kupima CD4, zile seli za kinga zinazohesabiwa kwa wagonjwa wa VVU, kwenye barafu. Naanzia hapo kwa sababu ndipo nilipopotezwa. Nilipopewa kazi ya kupeleka sampuli kutoka kliniki moja Kayole, Nairobi, hadi maabara iliyo ng'ambo ya jiji, mwenzangu aliyenitangulia kazini aliniambia, "Damu ni kama maziwa, isipopata baridi inaharibika." Nikaamini, maana chanjo nazo hubebwa hivyo. Nikapanga tyubu za kifuniko cha zambarau juu ya vipakiti vya barafu, nikashika njia.

Nyingi zilirudishwa. Kwenye grafu ya mashine ya kuhesabu seli, limfosaiti na granulosaiti, aina mbili za seli nyeupe za damu, hutakiwa kukaa mbalimbali. Zangu zilikuwa zimeingiliana. Tyubu moja iliyogusana na barafu ilikuwa imeganda kuwa barafu, seli nyekundu zikapasuka. Wagonjwa wakaitwa kutolewa damu upya, akiwemo mama mmoja wa Ruai aliyelipa nauli mara mbili. Hilo liliniuma sana.

Nikaomba nitolewe damu yangu mwenyewe, tyubu tatu: moja friji, moja mezani, moja dirishani penye jua. Kesho yake zikapimwa zote. Ya mezani ilisomeka safi kabisa! Ya friji ilikuwa na mchanganyiko uleule, na ya dirishani seli zilizokufa zilijaa. Nilimchapishia mwenzangu grafu zote tatu. Alizitazama kimya, akaomba abaki nazo.

Siku hizi bado nabeba vipakiti vya jeli, ila havijagandishwa. Vinalala mezani usiku kucha, kisha navipanga kuzizunguka tyubu nilizozifunga kwa gazeti. Asubuhi za Julai vinazuia baridi, mchana vinazuia joto, na kipimajoto changu cha shilingi mia tano na kitu hakitoki kati ya nyuzi 18 na 25. Kwenye matatu sikubali kisanduku kiwekwe mbele juu ya injini, hata makanga anune. Nakipakata.

Saa ya kutoa damu iandikwe kwenye tyubu yenyewe. Damu ya EDTA, dawa iliyomo kwenye tyubu za zambarau kuzuia damu isigande, kwa kawaida tunaihesabu seli ndani ya saa 48, lakini wanaotaka kutenga seli na kuzigandisha, wapime baadaye zinavyopambana na vijidudu, huitaka ndani ya saa 8 hivi. Ndiyo maana Ijumaa alasiri nawapigia kliniki mapema: anayeweza kungoja, atolewe damu Jumatatu, saa zisiishie wikendi.