Uzito wa wembe: siku tatu za wawili Obuasi

Mtu wa Geita akishuka Obuasi, Ghana, macho hayachukui muda kuzoea. Uzio uleule, reflekta zilezile, kilima kilichochunwa ubavu mmoja, na vijana wanaozama kwenye maduara ambao huku wanaitwa galamsey. Hata mwenye mgodi ni yuleyule: Ashanti Goldfields ilianza hapa mwaka 1897, ikaungana na AngloGold mwaka 2004, na jina la muungano huo ndilo lililo Geita. Basi mkiwa wawili na siku tatu tu, msizimalizie langoni kwa kampuni. Kushuka chini ni kwa kibali cha maandishi kilichoombwa mapema. Maneno mazuri kwa mlinzi hayafungui kitu. Kinachostahili nauli ni jinsi Waasante, watu wa ufalme wenye makao Kumasi, walivyoipima dhahabu kabla kampuni haijazaliwa.

Njia kwanza. Accra hadi Kumasi kwa ndege ni chini ya saa moja. Kwa barabara ni kama kilometa 250, na foleni zinaweza kumeza nusu siku. Kumasi hadi Obuasi ni kama kilometa 60. Trotro, yaani daladala yao, haiondoki mpaka ijae, na konda wake anaitwa mate. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ikae pamoja na pasipoti. Siku nzuri ni Jumanne hadi Alhamisi. Jumamosi ni siku ya misiba mikubwa: magari yanakodiwa, hoteli zinajaa, barabara zinakuwa nyekundu na nyeusi kwa nguo za waombolezaji. Mgeni aliyevaa fulana nyekundu na suruali nyeusi bila kufikiri atapewa pole na watu asiowajua.

Kuna Jumapili moja ya kuitafuta makusudi. Waakani, ambao Waasante ni sehemu yao, wana juma la siku sita linalokwenda sambamba na lile la siku saba. Mara sita saba ni 42, na kila baada ya siku 42 inaangukia Akwasidae, siku ya mfalme wa Waasante kuonana na watu wake kwenye kasri lake la Manhyia, Kumasi. Ulizieni tarehe kabla ya kukata tiketi, maana mkiikosa kwa wiki moja mna wiki tano za kungoja.

Na kabla ya kuondoka nyumbani kila mmoja ajue alizaliwa siku gani ya wiki. Ni swali la pili baada ya salamu. Wa Ijumaa ni Kofi au Afia, wa Jumamosi Kwame au Ama, wa Jumapili Akwasi au Akosua. Sisi wenye kina Juma, Khamisi na Mwajuma hatuna haki ya kushangaa.

Siku ya kwanza iwe ya makumbusho ya kasri la Manhyia. Mwaka 2024 makumbusho ya British Museum na Victoria and Albert yalirudisha hapo vitu 32, vingi vikiwa vya dhahabu vilivyochukuliwa Kumasi katika vita na Waingereza, ila kwa mkopo. Mwenye mali kukopeshwa mali yake: simameni mbele ya kabati muone kama mtacheka au mtanuna. Jumba la Fowler la Los Angeles lilirudisha vyake saba mwaka huohuo, moja kwa moja.

Siku ya pili, asubuhi na mapema, nendeni Kurofofrom nje kidogo ya Kumasi kwa mafundi wa shaba ya manjano. Hapa msiharakishe. Zamani unga wa dhahabu ndio uliokuwa fedha, na kila mfanyabiashara alitembea na mzigo wake: mizani ndogo, kijiko, vikopo vya unga, na mawe ya shaba yanayoitwa abrammuo. Muuzaji alipima kwa mawe yake, mnunuzi akapima kwa yake, ndipo wakaanza kubishana. Mengine ni ya mraba au ya umbo la pia, mengine ni samaki, ndege aliyegeuza shingo nyuma, au mamba wawili wenye tumbo moja wanaogombea chakula kinachokwenda palepale. Methali imekaa kwenye mizani.

Fundi huchonga umbo kwa nta ya nyuki na kuliwekea mrija wa nta. Halafu hupaka uji laini wa unga wa mkaa na udongo, safu nyembamba mbili tatu, kila moja ikauke. Juu yake hukandika udongo mzito uliochanganywa na nyuzi za chikichi. Nta huyeyushwa itoke, na mahali pake panabaki uwazi. Kinachofuata ndicho cha kushuhudia: kikombe cha udongo chenye vipande vya shaba huunganishwa kwenye kalibu hiyo na kuzibwa kabisa, viwe kitu kimoja. Huingia tanuruni kikombe kikiwa chini; shaba ikishaiva fundi huvigeuza kwa koleo, na shaba hujimiminia yenyewe ndani.

Safu ya kwanza ikiwa nene, jiwe linatoka na chunusi. Udongo usipokauka vizuri, mvuke unapasua kalibu. Akichelewa kugeuza, shaba inaganda kabla ya kufika mkiani, samaki anatoka bila mkia. Zile nyuzi zinaungua na kuacha vitundu vya hewa kupita. Mwishoni kalibu huvunjwa, ndiyo maana hakuna mawe mawili yanayofanana kabisa. Kukauka pekee ni siku kadhaa, kwa hiyo msiagize cha kuondoka nacho jioni. Ombeni kuona umiminaji, na bei ya kutazama mkubaliane kabla moto haujawashwa.

Alasiri mwende Obuasi. Jina maana yake ni chini ya mwamba. Mwamba wenyewe una aseniki na salfa, na dhahabu imejificha ndani yake kiasi kwamba sayanidi, dawa ya kuyeyushia dhahabu, haiifikii. Zamani waliuchoma, moshi ukatua juu ya mji na mashamba. Tangu miaka ya 1990 bakteria ndio wanaoula kwanza, kisha ndipo unachenjuliwa. Msinywe maji ya kijito wala kisima. Kunyweni ya pakiti, yale ya nusu lita.

Mezani agizeni bakuli moja la fufu, bonge la muhogo na ndizi za kutwangwa, kwa mchuzi wa mawese, abenkwan. Si ugali: halimegwi likachovywa, tayari limo mchuzini. Mnakata kwa vidole vya mkono wa kulia na kumeza. Atakayetafuna atajulikana ni mgeni.

Sokoni mtasikia dhahabu ikitajwa kwa "blade". Ni wembe wa kunyolea: uzito wake, kama gramu 0.8, umekuwa kipimo, na juu yake iko "pound", kama gramu 7.8. Abrammuo zilikwisha, hesabu ikapata jiwe jingine. Sikilizeni tu, msinunue: tangu Mei 2025 sheria inamkataza mgeni kununua dhahabu kwenye soko la ndani.

Siku ya tatu pitieni Fomena, makao ya mfalme wa Adansi. Hapa mwaka 1874 Waasante walikubali kuilipa Uingereza wakia 50,000 za dhahabu, zaidi ya tani moja na nusu. Kwenye baraza la mfalme mwende na chupa ya schnapps, pombe kali, kofia mkononi, miguu isipishane, salamu zianzie kulia. Maneno yenu mnampa okyeame, msemaji wake, naye ndiye anayeyafikisha.

Mkinunua abrammuo, kongwe inahitaji kibali cha idara ya makumbusho kutoka nayo nchini. Mpya nyingi husuguliwa udongo zionekane kongwe. Chagueni ile ambayo alama za tupa bado zinakwaruza kidole.