Benchi la upepo lililonidanganya

Benchi langu la kupima upepo unaopita kwenye hedi za pikipiki (kichwa cha injini, chenye njia za hewa na valvu) ni sanduku la plaiwudi, mota mbili za mashine za kufyonza vumbi na mirija ya maji yenye rangi ya kusomea shinikizo. Kuhakikisha linasoma sawa, nilitumia mabamba yenye matundu ya kipenyo kinachojulikana, kwa shinikizo la inchi 28 za maji. Kwa tundu la milimita 32 benchi lilisoma upepo uliozidi kiasi sahihi kwa asilimia 6, kwa la milimita 20 ukazidi asilimia 12. Siku mbili nikahangaika na hesabu za kipeuo, zinazogeuza shinikizo kuwa kiasi cha upepo, bure.

Kosa la hesabu lingezidisha kote kwa asilimia ileile. Hiki kilikuwa kiasi kilekile cha upepo kinachoongezeka kila mara, kikionekana kikubwa zaidi kwenye tundu dogo: uvujaji! Nikaziba mdomo wa benchi kwa kioo na grisi, nikawasha. Maji kwenye mrija wa mlazo, unaoonyesha upepo unaopita, yakasogea milimita kadhaa, wakati yalipaswa kutulia. Nikachoma udi wa kijiti (nyumbani wakadhani tuna wageni), nikaupitisha kwenye maungio. Kona ya nyuma moshi ukapinda ghafla, ukamezwa.

Nikapaka silikoni, nikaiacha ikauke usiku kucha. Kwa matundu yote mawili, upepo ukazidi asilimia 2 tu. Hiyo 2 niliisababisha mwenyewe: nilipiga msasa kingo za matundu, na ukingo wa mviringo hupitisha upepo zaidi. Fundi mkereza vyuma akanichongea mabamba mapya yenye matundu ya kingo kali.